Alama Iliyo Juu ya Bidhaa



Zamani misafara ilipopita Unyanyembe, nguo ya merikani ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Lakini mkono wa nani, mrefu au mfupi? Hapo palikuwa na maneno.

Waya wa umeme haupimwi hivyo. Shaba yake imefichwa ndani; ikiwa nyembamba mno, waya hupata moto, na nyumba huweza kuungua watu wamelala. Kazi hii ni ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwenye kiwanda huomba, wakaguzi huchukua sampuli, nayo hupimwa katika maabara. Ikifaulu, hupewa leseni ya kutia alama ya TBS. Mwenye duka hana ruhusa ya kuibandika mwenyewe.

Herufi hizo tatu mnaweza kuzisoma sasa. Zitafuteni kabla ya kutoa fedha.

Someni na wati. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa 1. Balbu ya kizamani ya wati 60 huimaliza kwa saa 17 hivi. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, kwa saa 111. Mwalimu, andika hesabu hii ubaoni, kila mtu aifanye kwa taa ya nyumbani kwake.