Khanga ya Tatu

Msikilizaji, leo namkumbuka mama mmoja wa kijijini kwetu. Jina nalihifadhi. Alikuwa na miaka 19, mcheshi, hodari wa kusuka ukili. Mkeka aliouacha nusu bado unaning'inia ukutani kwa mama mkwe wake.

Alijifungulia nyumbani, alfajiri. Mtoto akalia, vigelegele vikapigwa. Khanga ya kwanza ikalowa damu, wakasema ni uchafu unatoka. Ya pili ikalowa. Ilipofika ya tatu ndipo kijana akatumwa kutafuta bodaboda, na mvua ilishakata barabara. Zahanati hakufika.

Kondo likishatoka, mji wa mimba hujikaza na kubana mishipa ya damu. Ukilegea, damu humwagika kama bomba lililoachwa wazi. Ikifika nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji, hiyo ni hatari tayari. Kituoni mama huchomwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, nayo dawa hiyo hutunzwa kwenye jokofu. Mkunga wa nyumbani, hata awe na mikono ya dhahabu, hana jokofu.

Basi akina baba, na ninyi mama wakwe (ndio mnaoamua, tusidanganyane), khanga moja ikilowa chapa, msingoje ya pili. Kwa Tanzania pigeni 115, ni bure. Hiyo ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura; utatafuta gari, hata la dereva wa hapo hapo kijijini aliyesajiliwa.

Yule mtoto sasa yuko darasa la pili. Juzi nilimkuta anachambua ukili.