Biashara Ina Saa ya Kufunga

Likizo ya Desemba ndiyo hiyo, na joto la Dar mnalijua. Najua wengi wenu mtauza barafu, maji baridi au maandazi mpate hela ya daftari. Safi sana! Lakini ngoja niwasimulie yaliyonikuta mimi.

Nikiwa kidato cha pili niliuza barafu za ubuyu kituo cha daladala. Natoka asubuhi, narudi saa tatu usiku, nahesabu hela, nalala. Kumbe mdogo wangu ana homa siku ya tatu. Mama alikuwa na zamu za usiku, akadhani mimi namwangalia. Mimi nikadhani kalala tu. Kupimwa, malaria kali. Akalazwa. Tunashukuru alipona, ila faida yote ya likizo iliishia kwenye matibabu.

Je, biashara ni mbaya? Hapana! Kosa langu ni kutopanga saa. Kwa hiyo:

Kwanza, funga kabla ya magharibi. Giza lina hatari zake, wasichana mnanielewa.

Pili, kuleni pamoja nyumbani angalau mara moja kwa siku. Hapo ndipo utamwona asiyekula. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Tatu, lala. Umri wenu unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Mteja ukimkosa leo, kesho atapita tena. Mdogo wako je?

Haya, nani ana swali?