HEWA DARINI: MANENO KWA WENYE NYUMBA ZA ZAMANI WA MAI MAHIU



Jina la Mai Mahiu, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji ya moto. Lakini mwenye kulala katika nyumba ya zamani ya mabati pale chini ya mteremko, barabara ya Narok inapoachana na ile ya Naivasha, ajua ya kuwa kuna moto mwingine, nao watoka juu ya kichwa chake. Saa nane mchana chumba kimekuwa tanuri. Saa kumi usiku, upepo uvumapo kutoka upande wa Longonot, chumba kile kile ni baridi hata mtu hutafuta blanketi la pili. Na asubuhi matone ya maji huonekana katika mbao za dari, ingawa mvua haikunyesha.

Matone hayo yamewapotezea watu wengi fedha. Mwenye nyumba akiona doa jeusi darini husema, "Bati limetoboka," akamwita fundi. Fundi hupanda, akapaka lami juu ya kila msumari, akalipwa, akaenda zake. Baada ya mwezi doa liko pale pale. Lami haina kosa, maana bati halikutoboka. Jambo lenyewe ni hili: pumzi za watu waliolala, mvuke wa sufuria, na unyevu wa nguo zilizoanikwa ndani, vyote hupanda na kupenya katika nyufa za dari. Usiku wenye anga safi bati hupoa upesi, hata likawa baridi kuliko hewa iliyo nje. Mvuke ukiligusa hugeuka maji, kama uonavyo jasho nje ya bilauri yenye maji baridi. Maji hayo yakidondoka usiku baada ya usiku, mbao huoza, misumari hushika kutu, na kenchi zinazobeba paa hudhoofika bila mtu kujua, kwa kuwa hapana apandaye huko ila panya na popo. Nyumba ya miaka 50 yaweza kuwa na paa zima kwa kulitazama kutoka nje, kumbe miti yake imekwisha oza.

Nyumba ya nyasi ya wazee haikuwa na taabu hii. Nyasi hupumua. Moshi wa meko ulipita taratibu katika nyasi zenyewe, ukakausha kuni zilizopangwa juu ya moto na kuwafukuza wadudu. Bati lilikuja na faida zake, na katika nchi kavu kama hii hapana mwenye akili atakayelibeza, maana bati ni kisima: mvua moja nzuri hutia maji mengi tangini. Walakini bati halipumui. Mwenye nyumba alipotia dari ya mbao ili kuzuia joto na vumbi alifanya vema, ila mara nyingi alifunga na upenu pia, na hewa iliyo kati ya dari na bati ikakosa pa kutokea.

Dawa yake yajulikana tangu zamani. Hewa ya moto hupanda. Basi ipewe njia ya kutokea juu, na hewa baridi ipewe njia ya kuingilia chini. Njia moja peke yake haitoshi. Wengi hutoboa tundu moja katika ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, kisha hushangaa kuona joto halikupungua. Hewa haitatoka kama haina nyingine ya kushika mahali pake.

Kipimo kinachotumiwa Marekani ni futi 1 ya mraba ya nafasi wazi kwa kila futi 300 za mraba za dari, nusu yake iwe chini upenuni na nusu juu. Kipimo hiki chafaa hapa pia. Tuseme nyumba ina urefu wa futi 30 na upana wa futi 18: dari yake ni futi 540 za mraba, nayo yataka nafasi ya futi 1.8, yaani kama inchi 130 za mraba chini, na nyingine kama hizo juu. Lakini wavu na vibao hula karibu nusu ya nafasi, kwa hiyo matundu yazidishwe mara mbili. Seremala akitoboa matundu ya inchi 3 katika mbao za upenuni, moja kila inchi 20, pande zote mbili ndefu, atapata 36, nayo yatosha. Juu, kila ukuta wa pembetatu upate dirisha dogo la inchi 10 kwa 13, lenye vibao vilivyoinama kuelekea nje ili mvua ya upepo isiingie. Kila tundu lipigwe wavu wenye macho madogo. Asiyeamini umuhimu wa wavu na awaulize waliowahi kuhamiwa na nyuki darini.

Kabla ya kutoboa lolote, misumari na kamba za chuma zinazoshika paa zikazwe. Upepo wa bondeni humpata mwenye paa legelege.

Tena, yapo majengo ya zamani ambayo paa au dari yake si bati wala mbao, bali ni asibesto, ile ya kijivu iliyo ngumu kama saruji. Hiyo isikatwe, isitobolewe, wala isisuguliwe. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka katika taka za hatari, nayo huondolewa na wenye idhini tu.

Mtu aweza kuuliza kama haingekuwa rahisi kuibomoa dari na kuacha upenu wazi. La. Dari huzuia mbu pia. Huko Ahero, karibu na Kisumu, wataalamu walitandaza mikeka ya mafunjo iwe dari katika nyumba za wakulima wa mpunga, na habari zao zilizochapishwa mwaka 2009 zaonyesha kwamba mbu wa malaria walipungua ndani.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Hewa iliyo darini siyo hewa ya chumbani. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ametoboa upenu sasa aweza kulala na jiko la makaa ndani. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Katika baridi ya mwezi wa saba wengi huziba kwa matambara yale matundu yaliyo juu ya madirisha, kisha huingiza jiko ili watoto wapate joto. Matundu yale yaliwekwa na mjenzi kwa ajili ya pumzi za waliomo. Matambara yatolewe leo, na jiko likae nje mpaka makaa yafe kabisa.