Karatasi ya Budapest: Vita vya Uchokozi na Usalama wa Nchi za Kidemokrasia



Naomba tuanze na karatasi iliyotiwa saini Budapest tarehe 5 Desemba 1994. Ukraine ilikubali kuziachia silaha za nyuklia ilizorithi kutoka Umoja wa Kisovieti. Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Krimea. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi yake yakaingia Ukraine kutoka pande kadhaa, mengine yakielekea Kyiv.

Nchi ya kidemokrasia, hasa iliyo ndogo, hujilinda kwa mikataba kabla ya bunduki. Mkataba ukivunjwa, majirani wote huanza kuhesabu askari wao. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ilijiunga na NATO Aprili 2023. Sweden, iliyokaa karne mbili nje ya miungano ya kijeshi, ikafuata Machi 2024. Siku tatu tu baada ya uvamizi, Ujerumani ilitangaza mfuko wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi lake. Fedha hizo ni za mkopo, na baadhi ya watakaoulipa bado wako shule ya msingi.

Na sisi je? Tarehe 21 Februari 2022 Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu ilichorwa na wakoloni, lakini tuliikubali ili tusiendelee kumwaga damu. Siku tisa baadaye Baraza Kuu lilipiga kura: Kenya na Rwanda zikaunga mkono azimio la kulaani uvamizi, Tanzania, Uganda na Burundi hazikuegemea upande wowote. Naiheshimu siasa yetu ya kutofungamana, lakini kura ile ya Tanzania iliniuma. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda alituvamia Kagera na kutangaza kuwa ardhi ile ni ya Uganda. Tunaujua uchokozi.

Liko dhara jingine lisilosemwa sana. Kwa kuwa nchi iko chini ya sheria ya kijeshi, Ukraine haikufanya uchaguzi wa bunge uliotarajiwa Oktoba 2023, wala wa rais, Machi 2024. Siwalaumu, nani atapanga foleni ya kura makombora yakianguka? Ila tuone alichokipata mchokozi: ameyafunga masanduku ya kura ya jirani yake bila hata kuutwaa mji mkuu.

Hata hivyo hakuvifunga vinywa. Tarehe 22 Julai 2025 bunge la Ukraine lilipitisha sheria iliyozipokonya taasisi za kupambana na rushwa uhuru wao. Vijana wakaingia barabarani na mabango ya maboksi yaliyochanwa, vita vikiendelea. Tarehe 31 bunge lilelile likazirudishia uhuru huo.