Picha Irudi kwa Wenyewe

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya wahamasishaji wa vijiji, Matai)

 

Nimeombwa kuzungumzia matumizi ya picha katika kazi ya maendeleo. Nitaeleza kazi ya mpigapicha mmoja, Boniface Mwangi wa Kenya. Wengi wenu mlisikia jina lake Mei 2025, alipokamatwa Dar es Salaam baada ya kuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Baadaye alieleza kuwa aliteswa. Leo tuanzie nyuma zaidi, kwenye kamera yake.

Mwangi alivutiwa na kazi za Mohamed Amin, Mkenya aliyekulia Dar es Salaam. Oktoba 1984 Amin alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia. BBC ilipozionyesha, dunia ilishtuka na misaada ikamiminika. Hiyo ni njia ya kwanza ya picha: hutoka kwa mwenye shida, ikaenda kwa mwenye uwezo. Sisi tunaifahamu, maana picha za miradi huambatanishwa na taarifa kwenda kwa wafadhili.

Mwangi alifuata njia ya pili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika machafuko. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makazi yao. Akiwa mpigapicha wa gazeti la The Standard, alizipiga picha siku zile za mapanga na moto. Zilimletea tuzo, lakini hakuishia hapo. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka Nairobi na miji mingine. Picha ziliwekwa mahali pa wazi, mpita njia azitazame na vijana wajadili amani. Mwaka 2011 alifungua PAWA254 jijini Nairobi, mahali ambapo wasanii na wanaharakati hufanya kazi pamoja.

Yupo atakayeuliza: kuonyesha mauaji kwa waliofiwa si kutonesha kidonda? Swali hilo ni la haki. Picha ya namna hiyo haiachwi ukutani peke yake. Lazima awepo mtu wa kuzungumza na anayelia.

Sasa turudi Matai. Tunapompiga picha mtoto yatima mwenye nguo zilizochanika, tukumbuke kwamba atakua. Siku moja ataiona picha hiyo, au wenzake wataiona kwenye simu. Je, atajitambua kama mtu, au kama shida tu?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne:

1. Tuombe ruhusa kabla ya kupiga. Kwa mtoto, tumwombe mzazi au mlezi.
2. Tumweleze picha inakwenda wapi na kwa kazi gani. Akikataa, huduma yake isipungue.
3. Maelezo ya picha yaseme anachofanya, si anachokosa tu. Mama anayelima ulezi ni mkulima.
4. Picha zisafishwe na kurudishwa. Zibandikwe ofisi ya kijiji, bomba lililoharibika kando ya linalotoa maji, ili wanakijiji wenyewe waulize fedha zimefanya nini.

Hilo la nne litatuletea maswali magumu kuliko ya wafadhili. Tujiandae kuyajibu.

 Karibuni tujadiliane.