Kuokoa Bandama Iliyojeruhiwa: Mada kwa Wapasuaji wa Hospitali za Wilaya



Bandama ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi, nayo hukaa chini ya mbavu za kushoto, ya 9 hadi ya 11. Ajali ya bodaboda au kuanguka mwembeni hutosha kuipasua. Kwa miaka mingi tumezoea kuitoa. Nasema tuiokoe kila hali ya mgonjwa inaporuhusu, hata kama ni sehemu yake tu.

Kwa nini tuiokoe

Mwaka 1952, King na Shumacker wa Marekani walieleza maambukizi makali ya damu kwa watoto wachanga waliotolewa bandama. Maambukizi hayo, hasa ya numokokasi, hutokea kwa nadra, lakini huua karibu nusu ya wanaoyapata, pengine ndani ya siku moja au mbili. Kwetu kuna malaria pia. Bandama ndiyo inayosafisha chembe nyekundu zenye vimelea. Ikivimba kwa malaria, hupasuka upesi. Kwa hiyo aliye katika hatari kubwa ya kuipoteza ndiye anayeihitaji zaidi.

Namna ya kuiokoa

Mwenye presha imara aangaliwe kwanza bila kisu, mradi damu ya kuongezewa ipo na chumba cha upasuaji kiko tayari usiku na mchana.

Ukilazimika kufungua tumbo, usishone bandama ikiwa bado imejificha. Kata utando unaoishikilia ubavuni, uilete juu taratibu bila kuivuta, kisha weka vitambaa nyuma yake. Msaidizi abane shina la mishipa kwa vidole, nawe uondoe mabonge ya damu. Ufa mdogo ushone kwa uzi unaoyeyuka, juu ya kipande cha utando wa mafuta wa tumboni, maana uzi mtupu huchana nyama hiyo laini.

Ncha ikipondeka, tufuate njia ya Campos Christo wa Brazili, aliyeandika mwaka 1962 kuhusu wagonjwa 8 wa kwanza aliowakata sehemu tu ya bandama. Funga ateri ya sehemu iliyoharibika. Rangi itabadilika na mpaka utaonekana. Kata karibu na mpaka, upande uliokosa damu. Ibaki walau theluthi moja, yenye ateri yake.

Mgonjwa akiwa katika mshtuko, au shina la mishipa likiwa limechanika, itoe bila kusita. Uhai hutangulia.

Mapendekezo

1. Kila chumba cha upasuaji kiwe na nyuzi zinazoyeyuka zenye sindano butu.
2. Rejesta ionyeshe kama bandama iliokolewa au ilitolewa, na sababu.
3. Aliyetolewa bandama achanjwe dhidi ya numokokasi, meningokokasi na Hib, ikiwezekana siku ya 14. Kama huenda asirudi, achanjwe kabla ya kuruhusiwa. Apewe kadi, alale kwenye chandarua, na kila homa imfikishe hospitalini siku hiyohiyo.