Akiba ya Kocha



Machi 24, 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam, tukarudi AFCON baada ya miaka 39. Kocha alikuwa Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyefunga mabao yote mawili ya nchi yake katika fainali ya Afrika mwaka 1994, akachezea Barcelona, kisha mwaka 2015 akatwaa Kombe la Dunia na vijana wa Nigeria chini ya miaka 17.

Kule Misri tulifungwa mechi zote tatu. Amunike akaondoka.

Mimi ni mhasibu, naona hivi: kocha wa taifa, hata awe hodari namna gani, hutoa kilichowekwa akiba na wengine. Akiba hiyo ni watoto.

Wa kwetu bado wanapiga mipira ya majani makavu ya migomba kwenye viwanja vya mteremko. Leo tunachangia mipira na kusawazisha viwanja vya shule. Mwakani mtasomewa kila shilingi ilikokwenda.